Ndege kwenye kopo la kiwi

Fundi viatu wa mtaani kwetu ana desturi yake. Ukimpa kiatu akipige kiwi, na siku hiyo hana foleni, atakutupia swali. Jumamosi moja nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda chini ya mwarobaini, nikavua viatu na kuvaa zile kandambili alizowawekea wateja. Alichovya kitambaa kwenye kopo, akaanza kuzungusha kidole taratibu kwenye ncha ya kiatu. Kisha akaniinulia kifuniko.

"Haya kijana, wewe mtu wa magazeti. Huyu ndege ni ndege gani?"

"Si kiwi, mzee?"

"Kiwi ni hii dawa. Mimi nakuuliza ndege. Kwao wapi? Mbona simwoni mabawa? Na nani aliyemweka hapa?"

Lile kopo nimelijua tangu darasa la kwanza. Kila Jumapili jioni nilikuwa nalo ukumbini, brashi mkono mmoja na kiatu cha shule mkono mwingine. Nimemwona yule ndege mara zisizohesabika na sikuwahi kumtazama hata mara moja. Nilimwahidi mzee kwamba nitarudi na majibu. Nilipoanza kutafuta nikagundua kwamba si kopo la kiwi peke yake. Nyumba nzima na barabara nzima zimejaa wanyama waliojificha ndani ya majina ya vitu tunavyonunua.

Tuanze na wa mzee. Ndege huyo yupo kweli, na kwao ni New Zealand. Wamaori, wenyeji wa visiwa vile, walimwita kiwi kwa kuufuatisha mlio wake. Mabawa anayo, lakini ni madogo mno na yamefichwa na manyoya yanayofanana na nywele, kwa hiyo jicho la fundi halikukosea sana. Hawezi kuruka. Hutoka usiku kutafuta minyoo kwa kunusa, kwa sababu matundu ya pua yake yako kwenye ncha kabisa ya mdomo. Jike lake hutaga yai ambalo uzito wake unaweza kukaribia sehemu moja ya tano ya uzito wa mama mwenyewe.

Lakini dawa yenyewe haikuanzia New Zealand. Ilianza mwaka 1906 katika mji wa Melbourne, Australia, na mwenye kuianzisha, William Ramsay, alizaliwa Scotland. Basi ndege wa New Zealand aliingiaje? Aliingia kwa mlango wa ndoa. Annie, mke wa Ramsay, alitoka New Zealand, na mumewe akaipa bidhaa yake jina la ndege wa nyumbani kwa mkewe. Nimesoma habari nyingi za majina ya kampuni, yale yanayotungwa na watu waliokaa kuzunguka meza, na sijakutana na jina linalonigusa kama hili.

Na kuna jambo ambalo Ramsay hakuwa na namna ya kulijua. Kiswahili kilikuwa na kiwi chake. Jua kali likikupiga usoni ukashindwa kuona vizuri, tunasema limekutia kiwi. Maneno haya mawili hayana undugu wowote, moja ni la Wamaori na jingine ni letu. Lakini kiatu cheusi kilichopigwa brashi sawasawa mpaka kikameta juani kinakutia kiwi kweli, na mtoto anayejifunza lugha akidhani ni neno moja, sioni sababu ya kumlaumu.

Ndege wa pili yuko kwenye kiatu chenyewe. Kwa Mswahili hakuna haja ya kueleza: bata ni bata, yule wa kwenye dimbwi. Kizazi kizima cha watoto wa Afrika Mashariki kilikwenda shule na viatu vya Bata kikiamini kwamba ni kampuni ya hapa hapa iliyojiita kwa jina la ndege wa kufugwa. Wakenya ndio wenye sababu nzuri zaidi ya kuamini hivyo, kwa kuwa kiwanda kiko Limuru, na harufu ya mpira na ngozi ni sehemu ya mji ule.

Hakuna bata hapo. Ni jina la ukoo. Mwaka 1894, katika mji wa Zlín ambao leo uko katika Jamhuri ya Czech, kijana Tomáš Baťa na ndugu zake Antonín na Anna walifungua karakana ya viatu. Ukoo wao ulikuwa wa mafundi viatu kwa vizazi vingi. Kwao jina hutamkwa kwa kulainisha ile t, karibu na "Batya". Tomáš aliujenga mji wa Zlín kuzunguka kiwanda: nyumba za matofali mekundu za wafanyakazi, shule, hospitali, sinema. Mwaka 1922, fedha ya nchi ilipopanda thamani na biashara zikakwama, alipunguza bei ya viatu vyake kwa nusu, na watu wakamiminika madukani. Alikufa mwezi Julai 1932, ndege yake ilipoanguka muda mfupi baada ya kuruka katika ukungu.

Ndugu wa baba mmoja aliyemrithi, Jan Antonín Baťa, alijenga makao makuu ya ghorofa kumi na sita, na humo akaagiza ofisi ya mkurugenzi ijengwe ndani ya lifti. Si mfano wa maneno. Ni chumba cha mita sita kwa sita chenye meza na sinki la kunawia mikono, kinachopanda na kushuka, ili mkurugenzi aweze kumfikia mfanyakazi wa ghorofa yoyote bila kuinuka kitini. Jengo lipo mpaka leo na lifti inafanya kazi.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Czechoslovakia iliitaifisha kampuni nyumbani kwao, na mji wa Zlín ukabadilishwa jina, ukaitwa Gottwaldov kwa miaka zaidi ya arobaini. Familia ilikuwa imekwisha kuhamia ng'ambo, mtoto wa Tomáš akianza upya Kanada. Kisha Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, Tanzania nayo ilitangaza kuchukua sehemu kubwa ya umiliki wa viwanda kadhaa, na kampuni ya viatu ya Bata ilikuwamo kwenye orodha. Jina moja la fundi wa kijijini limepitia yote hayo, na huku pwani limetulia likawa bata.

Tukitoka sasa barabarani, kuna wadudu.

Kila mkulima wa mahindi anamjua kiwavi, na viwavijeshi wamewaliza wengi. Lakini mkulima huyo huyo akitaka kung'oa visiki au halmashauri ikitaka kuchonga barabara, inaletwa katapila. Tumemkataa mdudu kwa jina lake la Kiswahili na kumpokea kwa jina la Kiingereza, kwani katapila ni kiwavi tu. Kisa chake kilianzia kwenye udongo laini wa delta karibu na mji wa Stockton, California. Matrekta ya mvuke ya wakati huo yalikuwa mazito kama nyumba, na shambani yalizama. Watengenezaji walijaribu kuyapanua magurudumu, wakayapanua tena, mpaka mashine ikawa haina pa kugeukia. Benjamin Holt akaondoa magurudumu ya nyuma na kuweka minyororo ya vipande vya mbao inayojizungusha na kujitandikia njia yake yenyewe. Aliijaribu tarehe 24 Novemba 1904, nayo ikatembea pale ambapo mtu wa miguu alikuwa anazama.

Mpiga picha Charles Clements aliletwa kuipiga picha. Katika kamera za enzi zile picha huonekana kichwa chini, na ndani ya kile kioo alichokiona yeye ni ule mnyororo wa juu ukipanda na kushuka kwa mawimbi. Akasema inatambaa kama kiwavi. Holt akalipenda neno, na mwaka 1910 akalisajili. Kampuni ya leo ilizaliwa mwaka 1925, kampuni ya Holt ilipoungana na mshindani wake, Best.

Minyororo ile ya Holt ndiyo iliyowapa Waingereza wazo la kuunda kifaru cha vita, kilichoingia uwanjani mara ya kwanza mto Somme, Septemba 1916. Hapo nchi yetu inaingia katika kisa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, ikikusudia kulima mamilioni ya ekari za Tanganyika ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita. Wakanunua yaliyotumika, na kiwanda kimoja kikachukua vifaru vya aina ya Sherman, kikaving'oa silaha na kuvigeuza matrekta. Trekta lililozaa kifaru likarudi kuwa trekta, kwenye vumbi la Ugogo. Mizizi ya vichaka iliyakunja majembe, na kiangazi udongo uligeuka kama saruji, na Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wazee wa Dodoma waliijua ardhi yao vyema. Laiti wangeulizwa mapema.

Mdudu wa pili ni nyigu, na huyu kisa chake nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinaishia kwenye kituo changu cha bajaji.

Kiwanda cha Piaggio, mjini Pontedera, Italia, kilikuwa kikiunda ndege za kivita, na mabomu ya vita kuu ya pili yakakifanya kifusi. Vita vilipokwisha Italia iliwekewa mipaka mikali ya kuunda ndege, barabara zilikuwa mashimo na watu hawakuwa na fedha za magari. Enrico Piaggio alitaka pikipiki ndogo ya bei nafuu. Ya kwanza kuundwa ya majaribio wafanyakazi waliipa jina la Paperino, ambalo Waitalia humwitia yule bata wa katuni za Disney. Bata tena! Piaggio hakuridhika nayo. Kazi akampa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki hata kidogo: aliona zinamchafua mtu mafuta, zinamlazimisha kupanua miguu, na tairi likipasuka ni balaa. Kwa hiyo aliyaondoa yote aliyoyachukia. Alificha injini, akaweka sehemu ya kukanyagia miguu ili hata mwenye sketi akae kwa heshima, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja kama la ndege, ili lifunguke haraka. Piaggio alipokitazama chombo hicho, makalio mapana na kiuno chembamba, na kusikia mvumo wake, alisema kinafanana na nyigu. Kwa Kiitaliano nyigu ni vespa. Hataza iliombwa Aprili 1946. Nenda Zanzibar leo uone jinsi Vespa zilivyopata kwao kwa pili kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe.

Mwaka 1948 Piaggio wakaongeza gurudumu la tatu na sehemu ya kubebea mizigo. Nyigu hasifiwi kwa kazi, anajulikana kwa kuuma. Hiki kilikuwa chombo cha kazi, basi wakakiita Ape, yaani nyuki.

Nyuki huyo akasafiri hadi India. Jamnalal Bajaj alikuwa mfanyabiashara na mpigania uhuru aliyekuwa karibu na Mahatma Gandhi kiasi kwamba Gandhi alimhesabu kama mwanawe. Miaka ya 1960 kampuni ya ukoo wake iliunda Vespa na vyombo vya magurudumu matatu kwa leseni ya Piaggio. Leseni ilipokwisha mwaka 1971 iliendelea na pikipiki yake yenyewe, ikaiita Chetak. Huyo ni farasi wa Maharana Pratap, ambaye Wahindi husimulia jinsi alivyomtoa bwana wake vitani akiwa na jeraha mguuni, kisha akafa. Kutoka India vyombo vya magurudumu matatu vikafika Dar es Salaam, na jina la ukoo likawa jina la kitu: bajaji.

Siku hizi kituoni kwetu zipo za kampuni mbalimbali, na miongoni mwao zimo za Piaggio, zenye jina hilo wazi mbele. Abiria anainua mkono na kuita, "Bajaji!" Mwalimu anaitwa kwa jina la mwanafunzi wake. Mombasa wameepuka suala hilo kwa kuita tuktuk, wakafuata mlio kama Wamaori walivyofuata mlio wa kiwi.

Wengine nawapitia haraka. Tembo wa bia ya Tusker ana kisa cha huzuni: ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda chao Kenya mwaka 1922, na mwaka uliofuata George akauawa na tembo porini. Bia ikapewa jina la mnyama huyo kwa kumkumbuka. Mamba mdogo anayeonekana kifuani kwenye fulana za mitumba ni wa René Lacoste, bingwa wa tenisi wa Ufaransa ambaye waandishi wa Marekani walimbandika jina la mamba miaka ya 1920. Alianza kuuza fulana hizo mwaka 1933.

Unapowaweka pamoja unaona kwamba majina yaliyodumu ni ya watu waliosimama wakatazama. Mpiga picha alitazama akaona kiwavi. Piaggio alitazama akaona nyigu. Na ninapofika hapa nasikitika kidogo, kwa sababu katika maswali ya chemsha bongo ya redioni na shuleni tunaulizwa nani aliipa jina Coca-Cola, na ni mara chache nimesikia swali kuhusu ndege aliye ndani ya kabati la mama zetu.

Kanga ni ndege. Ana manyoya meusi yaliyonyunyiziwa madoa meupe kila mahali. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyopigwa chapa, vile ambavyo Wareno waliviita lenço na sisi tukaita leso, neno ambalo Mombasa bado wanalitumia. Viliuzwa vikiwa jora moja. Badala ya kuvikata kimoja kimoja, wanawake walikata vipande sita, wakavigawa vitatu vitatu na kuviunga kwa kushona mpaka vikatoa nguo moja pana. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa kwa vipimo hivyo. Mapambo ya mwanzo yalikuwa ya madoa meupe juu ya rangi nzito, na watu wakasema: kanga huyo. Wanawake ndio walioibuni nguo, na watu wao ndio walioiona na kuipa jina. Hakuna kampuni iliyofanya hivyo kwa niaba yao.

Kabla yake, wengi walivaa merekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, au kaniki iliyotiwa nili. Merekani nayo ni jina la biashara lililokaa kinywani: nguo ilitoka viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Zanzibar na merikebu za mji wa Salem zilizorudi na pembe za ndovu na sandarusi. Wamarekani walikuwa na balozi wao mdogo Zanzibar tangu mwaka 1837. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 pamba ikakatika, na viwanda vya India baadaye vikashika soko. Lakini merekani na kaniki zilihesabiwa kuwa nguo za watumwa. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, kuvaa kanga yenye rangi na pindo kulikuwa ni kutangaza, mbele ya kila mtu barabarani, kwamba mimi si wa mtu. Ndiyo maana sikubali kanga iitwe kitambaa tu.

Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na mahali ilikopigwa chapa pamebadilika mara nyingi: Uingereza, Uholanzi, India, Japani, kisha, kuanzia mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam. Kwa Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza Mombasa mwaka 1887, jina alilojulikana nalo mwenye mali liliwekwa kwenye nguo yenyewe: Mali ya Abdulla. Bibi yangu alikuwa akiangalia maneno hayo kwanza, kabla ya rangi na kabla ya bei.

Jumamosi iliyofuata nilirudi chini ya mwarobaini na majibu yangu. Nilimweleza mzee habari za New Zealand, za ndege anayenusa kwa ncha ya mdomo, za Ramsay na mkewe Annie. Alisikiliza bila kuacha kupiga brashi. Nikamwambia kwamba Ramsay alifariki mwaka 1914, na kwamba ni vita kuu ya kwanza, iliyozuka mwaka huo huo, ndiyo iliyoisambaza dawa yake duniani kwenye mabuti ya mamilioni ya askari.

"Kwa hiyo alikufa hajui," mzee akasema.

"Hajui nini, mzee?"

Akakipangusa kifuniko kwa kitambaa kisafi, polepole, mpaka ndege akaonekana vizuri.

"Kwamba watoto wangu wanne wamesoma kwa ndege wa mkewe."

Akakiweka kifuniko juu ya boksi, ndege akitazama barabarani, akanyoosha mkono kupokea kiatu cha pili.